Baridi ya Mafinga inalipwa na nani?

Kidato cha sita wakishamaliza mitihani yao mwezi Mei, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutoa tangazo la kuwaita kambini kwa mujibu wa sheria. Kwa wauza nguo wa Kariakoo na wenzao wa mikoani, tangazo hilo ni oda ya jumla isiyo na zabuni. Bukta ya bluu iliyoiva yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na juu ya hayo nauli ya kwenda na kurudi. Vyote ni juu ya mzazi.

Ndani ya orodha hiyo kipo kipengele kimoja ambacho hakijataja rangi, idadi wala kipimo: nguo za kuzuia baridi kwa wale watakaopangiwa mikoa yenye baridi. Bukta imeelezwa mpaka mfuko wake wa nyuma, lakini baridi imeachiwa mzazi akisie mwenyewe.

Na si baridi ya kukisia. Vijana huripoti mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, hukaa miezi mitatu, na miezi hiyo ndiyo kipupwe chenyewe. Mafinga, mkoani Iringa, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, kwa hiyo kijana aliyepangwa Mafinga na mwenzake aliyepangwa Ruvu, mkoani Pwani, wanalala usiku mmoja katika nchi mbili tofauti. Ipo pia Makutupora, Dodoma. Mzazi wa Mtwara akisikia Dodoma anafikiria jua na vumbi, kumbe usiku wa Julai huko unaweza kushuka hadi nyuzi 14 au chini yake, tena na upepo. Je, Dodoma ni mkoa wenye baridi? Tangazo halisemi.

Mpango wa kuwachanganya vijana kutoka mikoa mbalimbali ni mzuri, na hakuna sababu ya kuugusa. Kasoro iko kwenye hesabu yake. Kijana wa Njombe akipelekwa Ruvu anaacha nyumbani sweta aliyokwisha kuwa nayo, asitumie hata senti. Kijana wa Lindi akipelekwa Mafinga hana sweta, hana jaketi, na kwao soko la vitu hivyo ni dogo kwa sababu wanunuzi ni wachache. Akingoja kununua afikapo, anakutana na muuza mitumba anayejua wazi kwamba mteja huyu hawezi kungoja gulio lijalo. Gharama ya hali ya hewa basi inamwangukia yule asiyeizoea, na aliyempanga huko ni serikali.

Wengine wameliona jambo hili mapema. Nchini Marekani, vyuo vinavyofundisha maofisa wanafunzi vinaweza kulipwa na serikali fedha badala ya sare, na viwango vya malipo vimegawanywa katika kanda mbili kufuata hali ya hewa ya majimbo, kwa kuwa anayesoma kwenye theluji anahitaji koti zito. Ni mgawanyo mpana mno, maana mpaka wa jimbo haujui mlima ulipo. Hata hivyo umekubali jambo la msingi, kwamba baridi ni gharama ya mafunzo na inastahili fungu lake.

Kwa Tanzania kanda hazihitajiki hata kidogo. Orodha ya majina hutoka ikiwa na kambi ya kila kijana, kwa hiyo idadi ya watakaokwenda Mafinga inajulikana kabla hawajapanda basi. Kulipa posho ya fedha kwa kila mmoja kungeleta usumbufu, na fedha zenyewe zingeishia kwenye nauli. Afadhali sweta na blanketi viwe mali ya kambi, vigawiwe siku ya kuripoti na kurudishwa siku ya kuondoka, kama yanavyofanywa magodoro katika shule nyingi za bweni. Blanketi moja likihudumia makundi matano, gharama yake kwa kila kijana ni sehemu ya tano ya bei. Mzazi anayenunua dukani analipa bei nzima kwa miezi mitatu.

Mshonaji naye hayuko mbali. Shirika la Uzalishaji Mali la JKT, SUMAJKT, lililoanzishwa mwaka 1981, lina kiwanda chake cha ushonaji. Sweta zinaweza kununuliwa kwa wafumaji wa nyanda za juu wenyewe. Kinachotakiwa ni oda itoke Januari au Februari, vijana wakiwa bado madarasani, maana ikitoka Mei bei itakuwa imekwisha pangwa na wenye maduka.