Tuzungumze nyumbani: Vagoni ya makala iliyogeuka muchezo



Kijana mumoja wa jirani alinijia na telefone mukononi. «Baba Pasta, angalia hawa watu. Wanatoa feza juu ya kuogopa!» Nikavaa miwani. Kweli, niliona watu wamefungwa kwenye viti, mashini inawapandisha juu sana, inawasimamisha pembeni pa shimo, uso unaangalia chini, miguu inaning'inia. Wanangoja kidogo. Kisha inawaachilia. Wengine walikuwa wanalia na kucheka kwa mara moja.

Wafaransa wanaita muchezo ule «montagnes russes», ni kusema milima ya Kirusi, juu Warusi wa zamani walikuwa wanajenga vilima vya mbao, wanavifunika na barafu, halafu wanateleza. Lakini ile tuliyoona kwenye telefone inaitwa Iron Menace. Iko katika bustani ya michezo ya Dorney Park, mujini Allentown, jimbo la Pennsylvania, kule Marekani, na ilifunguliwa mwaka wa 2024. Kimo chake ni karibu metre 49. Inashuka kwa mwendo wa kilometre 103 kwa saa, na mushuko wake unapita hata wima: unaingia ndani kidogo, kama ukuta unaotaka kukuangukia. Kiisha pale inageuza watu kichwa chini mara ine.

Nilimwambia kijana: «Mwanangu, kaa kwenye kiti. Habari hii ni ya kwenu, wewe mutoto wa mufanyakazi wa madini.» Alifikiri ninamuchekelea.

Basi sikiliza na wewe, unayekaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi. Allentown iko kando ya muto Lehigh. Ukipanda na muto ule kuelekea milimani, unafika kwenye muji muntoto uliokuwa unaitwa Mauch Chunk. Tangu 1954 unaitwa Jim Thorpe. Milima ya pale ilikuwa imejaa makala ya mawe, si ile makala yetu ya mbabula. Machimbo yalikuwa juu ya mulima, na mashua za kupeleka makala Philadelphia zilikuwa chini mutoni. Katikati kulikuwa karibu kilometre 14. Mwaka wa 1827 kampani ya makala ikatandika reli. Hawakuwa na mashini ya kuvuta. Vagoni zilijazwa makala, mutu mumoja akashika freni, na uzito wenyewe ukazishusha mupaka mutoni.

Kuzirudisha juu tupu ilikuwa kazi ya nyumbu, yule muzao wa punda na farasi. Na nyumbu hawakushuka kwa miguu: walipewa vagoni zao, wakapanda, wakashuka pamoja na makala huku wanakula majani. Nusu saa hivi wamefika chini. Kisha wanavuta vagoni saa tatu ao ine kupanda mulima. Wanasimulia kwamba nyumbu walizoea sana kule kubebwa, hata siku waliyoambiwa washuke kwa miguu, walikataa kabisa. Ukiwapiga, bure. Mimi ninawaelewa.

Watu wa muji waliona nyumbu wanavyofurahia, wakataka na wao. Haikupita muda murefu wageni wakaanza kulipa ili kupanda. Katika miaka ya 1840 waliweka mashini za mvuke juu ya milima miwili ili kuvuta vagoni, nyumbu wakapumuzika. Mwaka wa 1872 makala ikapata njia ingine ya treni, na reli ile ya zamani ikabaki ya matembezi tu, mupaka 1933. Miaka makumi sita, watu walikuwa wanatoka mbali kwa kushuka katika njia ya makala! Na mwaka wa 1884, LaMarcus Thompson akajenga kule Coney Island, New York, reli fupi ya mbao yenye kupanda na kushuka. Bei ilikuwa senti 5, mwendo wa kilometre 10 hivi kwa saa, sawa mutu anayekimbia polepole. Kutoka pale michezo hii ikatapakaa.

Ndiyo maana nilisema habari hii ni ya kwenu. Hata leo vagoni nyingi za michezo hii hazina moteri. Mukufu unazivuta mupaka juu ya kilima cha kwanza, halafu zinaachiwa uzito wao. Kilima kinachofuata kinapashwa kuwa kifupi kuliko cha kwanza, juu kila gurudumu na upepo vinakula nguvu kidogo. Ile sauti ya ka-ka-ka unayosikia wakati wa kupanda, musiogope: ni meno ya chuma yanayozuia vagoni isirudi nyuma hata mukufu ukikatika. Wazee walioshuka katika kaji ya shimo wanajua kitu kinachofanana na kile. Magurudumu nayo si ya juu ya reli tu. Kuna mengine pembeni na mengine chini yake, ili vagoni isiruke. John Miller ndiye aliyeandikisha ile ya chini mwaka wa 1919. Na reli imekatwa vipande-vipande: vagoni moja haiingie katika kipande mbele ingine haijatoka. Mufanyakazi yeyote wa shemin de fer angesema: «Ee, hiyo tunaijua.»

Sasa nikuambie jambo lililonizuia kulala. Katika miaka ile ile wageni walikuwa wanashuka mulima wa Mauch Chunk na kofia nzuri, katika majumba ya kusafisha makala ya eneo lile kulikuwa watoto wanaume. Walikaa juu ya mbao, makala inapita katikati ya miguu yao, na wao wanachagua mawe kwa vidole. Vumbi lilikuwa zito. Vidole vilikatika. Sheria ya Pennsylvania ya 1885 ilikataza wa chini ya miaka 12, ile ya 1903 ikapandisha mupaka 14, lakini wazazi masikini waliandika umri wa uongo na wakubwa wa kazi walifumba macho. Mwaka wa 1911 Lewis Hine alikwenda Pittston akawapiga picha: sura nyeusi, macho tu yanayoonekana. Wewe uliyeona watoto wanaosafisha mawe ya shaba na kobalti mutoni, picha zile hazitakushangaza.

Mulima ni ule ule, woga ni mbili. Mutoto wa mugeni aliogopa dakika chache, na kulikuwa mutu wa freni mbele yake. Mutoto wa muchimbaji aliogopa siku muzima na hakuna aliyehesabu freni zake. Katika bustani hizi, kila asubui mafundi wanatembea kwenye njia, wanakagua, halafu vagoni zinapita tupu mbele mutu wa kwanza hajaketi. Kijana yule wa jirani, ambaye ndugu yake mukubwa anashuka katika mashimo ya kuchimba kwa mikono, alinyamaza pale. Na mimi sikuongeza neno.

Turudi kwa ile Iron Menace. Wameipamba kama kiwanda cha chuma cha zamani, na hadisi ya tajiri mubaya wa kubuni na mizimu yake. Si bure. Jirani ya Allentown kuna muji wa Bethlehem (Wakristo Wamoravia waliupa jina lile usiku wa kuamkia Noeli, 1741), na kule ndiko kulikuwa kiwanda kikubwa cha Bethlehem Steel. Kilizima tanuru zake pale mwaka wa 1995, na mwaka wa 2001 kampani ikafilisika. Tanuru zenyewe zingali zimesimama, na chini yao leo watu wanasikiliza muziki. Sisi hatuna lazima ya kuelezwa namna muji unavyokuwa siku kampani inasimama na mishahara inakauka. Kwa hiyo, kusema ukweli, hadisi ya mizimu hainipendezi sana. Walioyeyusha chuma pale hawakuwa mizimu. Wengine wangali wazima, labda wanapeleka wajukuu wao kupanda.

Ninapenda zaidi bustani ingine, Knoebels, kule Elysburg, katika jimbo lile lile la machimbo. Ni ya jamaa moja tangu 1926. Kuingia ni bure. Unalipa tu kwa muchezo unaopanda, hivi bibi anaweza kuketi chini ya muti na kuangalia watoto bila kutoa hata senti. Ndani kuna nyumba ya kuonyesha vyombo vya wachimbaji wa makala. Kuna pia muchezo wa gizani unaoitwa Black Diamond, ambamo vagoni inakupeleka kama ndani ya shimo la makala. Mambo ya Centralia yamo pia: muji ule ulio si mbali na pale, ambako moto umewaka ndani ya ardhi tangu 1962 na bado haujazimika. Woga wa muchezo, ndiyo, lakini mutoto anatoka anauliza babu yake maswali.

Kijana akaniuliza kama kitu namna ile kinaweza kufika kwetu. Nikamwambia, hata wao hawanunue vipya tu. Vagoni kubwa ya mbao ya Knoebels, Phoenix, ilijengwa kwanza San Antonio, Texas, kisha ya vita ya pili. Bustani ile ilipofungwa, wakaifungua ubao kwa ubao, kila ubao na namba yake, wakaibeba na malori na kuisimamisha upya mwaka wa 1985. Ingine, Flying Turns, ambayo haina reli bali inateleza ndani ya mufereji wa mbao, walianza kuijenga 2006. Magurudumu yakawasumbua. Wakabadilisha, wakapima, wakabadilisha tena, na watu wanangoja. Waliifungua 2013.

«Miaka saba, Baba Pasta?» kijana akashangaa. «Huku kwetu wangeifungua siku ya sikukuu ya kwanza, wakubwa wapige picha, na magurudumu wangeyatengeneza nyuma.»

Mama wa nyumba, aliyekuwa anachagua mboga pale mulangoni, akacheka mupaka akaacha kisu.