Mandhari si Pambo: Maoni kuhusu Uchoraji na Ardhi ya Umatengo

Katika uhakiki wetu tumezoea kuichukulia mandhari kuwa mahali tu ambapo matukio hutendeka. Mazoea hayo hujitokeza pia katika uchoraji. Afikaye Mbamba Bay hushawishika kuchora Ziwa Nyasa, milima na jua linalotua, bila mtu.

Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame, alituonyesha njia nyingine. Katika picha zake za Uchagga, migomba na miteremko haitengani na watu: wanalima, wanavuna, au wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, kama katika picha yake ya mwaka 1956 iliyomo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York.

Huko Mbinga hoja hii imeandikwa ardhini. Mashimo ya ngoro hayakuchimbwa na mvua. Kwa desturi ya Wamatengo, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana. Wanawake huzifukia kwa udongo, na mashimo yanayobaki katikati huyazuia maji yasiuporomoshe udongo bondeni. Mchoraji ayaonaye kuwa nakshi tu amewafuta walioyachimba.

Huenda ikasemwa kwamba msanii yu huru kuchora apendacho. Ni kweli. Hata hivyo, mhakiki ana wajibu wa kuuliza ni mikono ya nani iliyoachwa nje ya fremu. Swali hilo linaihusu picha, na linaihusu riwaya vilevile.