Mbolea Uliyoilipia Isiende na Mvua

Masika yakikaribia, familia nyingi mjini hupokea salamu zilezile kutoka mashambani: mvua i karibu, tuma pesa za mbolea. Nawe hujibana, ukaahirisha viatu vya mtoto, ukatuma. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kiasi gani cha mbolea hiyo huliwa na mahindi yenyewe?

Katika mashamba mengi duniani, karibu nusu ya nitrojeni inayotiwa udongoni haifiki kwenye mazao. Nitrojeni ndiyo chakula kinachoyapa majani rangi ya kijani kibichi na mmea nguvu ya kuzaa. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13 za nitrojeni, na wa urea una kilo 23. Anayekumbuka mwaka wa 2022, mfuko wa mbolea ulipopita Sh6,000 madukani, anajua hasara hiyo ina uzito gani.

Nitrojeni hupotea kwa njia tatu. Kwanza, hupaa. Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye unyevu na kuachwa hapo bila kufukiwa, hugeuka kuwa amonia, gesi ile inayokereketa pua ukikaribia zizi. Pili, huzama. Mvua kubwa huiteremsha chini kuliko mizizi, na nyingine huishia mitoni na visimani. Maji ya kisima yenye naitreti nyingi ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwani huzuia damu yake kubeba oksijeni ipasavyo. Tatu, shamba likituamisha maji, vijidudu vya udongoni huigeuza nitrojeni kuwa gesi. Mojawapo, nitrasi oksaidi, huongeza joto duniani takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uo huo.

Basi wakumbushe wa nyumbani mambo haya. DAP hutiwa siku ya kupanda. CAN au urea ingoje mahindi yafike magotini, na palizi iwe imefanywa, la sivyo utakuwa unalisha magugu. Penye mvua nyingi, mbolea hii ya pili igawanywe: nusu wakati huo, na nusu kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Itiwe upana wa kiganja kutoka kwenye shina, kisha ifukiwe. Udongo uwe na unyevu, lakini wingu la mvua kubwa likitanda, afadhali kungoja.

Nanyi wanafunzi, chukueni kalamu. Kizibo cha soda kilichojaa bila kufurika hubeba takriban gramu 5 za mbolea. Mfuko wa kilo 50 utatoa vizibo 10,000. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 ina mashimo yapatayo 10,800. Kizibo kimoja kwa kila shimo, na mfuko mmoja unakaribia kumaliza ekari nzima! Anayetupa kwa konzi hatafika mbali.

Samadi nayo isidharauliwe. Huufanya udongo ushike maji na chakula cha mmea visikimbie. Maharagwe yakipandwa kati ya mistari ya mahindi, vinundu vya mizizi yake hunasa nitrojeni kutoka hewani, bila kulipia hata senti.

Sehemu yako, wewe uliye mjini, ni wakati. Pesa za mbolea ya pili zikifika mahindi yamekwisha kutoa mbelewele, zimechelewa, hata ziwe nyingi kiasi gani. Ziweke kando siku ile ile unapotuma za kupandia, na uzitume wiki nne hivi baada ya mahindi kuota. Kisha piga simu, uulize swali moja tu: mmeifukia?