Programu huria: je, uhuru una maana kama tunachotaka ni bure tu?

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani, kama zile zinazochapa barua kwenye steshenari hapa Babati mjini, haziwezi kubeba Windows 11. Njia mojawapo ya kuziokoa ni Linux, mfumo ulio huria.

Tumshawishije mwenye steshenari? Tukimwambia ni bure, atatujibu kwamba hata Windows yake ni ya kunakili. Alimlipa fundi tu. Bei haimshtui.

Inabaki hoja ya itikadi. Kiswahili kimeshatenganisha maneno: bure ni bei, huria ni ruhusa. Programu huria unaruhusiwa kuitumia, kuona ilivyoandikwa, kuibadili na kuwapa wengine.

Je, hoja hiyo inashawishi? Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ruhusa ya kuitafsiri ilikuwamo tayari ndani ya leseni yake. Hata hivyo, ofisi nyingi ziliendelea na Word, kwa sababu ndiyo waliyofundishwa watu na ndiyo mafundi waliyoizoea.

Sasa tazama DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Afrika Kusini na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Takwimu za zahanati na vituo vya afya nchini huingizwa humo. Mhudumu hakuhubiriwa itikadi. Alipewa mafunzo na kazi ikaenda. Lakini kwa kuwa mfumo ni huria, wataalamu wa Tanzania wameweza kuurekebisha ufuate mahitaji yetu.

Kwa maoni yetu, mwenye steshenari aonyeshwe kazi kwanza: barua ya mteja inafunguka? Printa inakubali? Fundi yupo karibu? Itikadi ni ya wanaoamua kwa niaba ya wengi: shule, halmashauri, chama cha ushirika kinachotunza hesabu za mbaazi za wakulima.

Msikilizaji, chama chako kikinunua mfumo, uliza mkutanoni: kampuni ikiondoka kesho, hesabu zetu tutazifungua kwa kutumia nini? Hapo ndipo uhuru unapokuwa na maana, hata kwa asiyewahi kugusa kompyuta.