Siku ya tatu ama siku ya tano?

Wandugu wasomaji na wasikilizaji wa Masereka, na ninyi jamaa mliotufikia kwa sababu ya vita, leo siandiki juu ya bei ya viazi wala juu ya matope ya njia ya Butembo. Ninaandika juu ya kifungo kimoja kidogo cha sono, kile cha eko.

Katika kiwanja cha kanisa moja la hapa kwetu, kisha ibada, walisoma tangazo la wakimbizi wa ndani: siku ya kuandikisha majina kwa ajili ya maharagwe na mablanketi. Korali ilikuwa imemaliza kuimba na fundi wa sono aliacha eko ikiwa imefunguliwa. Msomaji alisema siku ya tatu. Kwenye bafle ikatoka tatu, tatu, tatu, na kabla haijaisha neno lingine likapanda juu yake. Kilima cha ng'ambo nacho kikajibu. Mama mmoja aliyekimbia Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita 2024 alikuwa amekaa karibu nami. Yeye alisikia tano. Alikuja siku ya tano na watoto wake watatu, akakuta kijana anafagia. Jina lake halikuandikwa.

Watu walimlaumu yeye, eti hasikilizi. Mimi namtetea. Kosa lilikuwa kwenye sono.

Wasiniambie kwamba nachukia eko. Napiga gita, na bila eko gita ya kwaya inakauka kama ugali wa jana. Lakini kuna namna ya kuitumia ambayo mafundi wetu wengi hawaifuati: sauti ya kwanza ibaki safi, kazi yote ifanyike juu ya marudio tu.

Ili nieleweke, nianze na pedali ya eko ya zamani, ile ya analogi. Mwaka 1969 watafiti wawili wa kampuni ya Philips ya Uholanzi, Sangster na Teer, walitangaza saketi inayopitisha sauti kama watu waliojipanga mlimani wanaopitishiana ndoo za maji kutoka kijitoni. Kila ndoo ni chaji ndogo ya umeme. Katika pedali ya Boss DM-2, iliyotoka mwaka 1981, ndani ya kipande kimoja kidogo mna ndoo 4096, na maji yanachelewa kufika mwisho kwa muda usiozidi milisekunde 300. Njiani maji yanamwagika. Tena wahandisi wameweka kichujio kinachokata sauti kali ili kuzuia kelele za mashine yenyewe. Ndiyo sababu kila rudio linakuwa jeusi kidogo kuliko lililotangulia.

Sasa fikirini neno la kinywa. Herufi kama t, s na k zinakaa katika sauti kali. Zikikatwa, zinabaki vokali: a-u, a-o. Kwa gita huo ni utamu, maana rudio linarudi nyuma na kumwachia mpigaji nafasi. Kwa tangazo ni hasara. Na eko iliyo ndani ya miksa nyingi za leo ni ya dijitali, hiyo ni mbaya zaidi kwa msemaji: marudio yake hayawi meusi upesi, yanakanyaga neno linalofuata yakiwa na nguvu zao zote.

Wapigaji waliojua kazi hii walifika mbali. Kule Kingston, Jamaika, King Tubby alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya umeme, mtu wa kuchoma risasi kama vijana wetu wa Butembo wanaofungua redio kando ya barabara. Alifanya miksa yenyewe iwe chombo cha muziki. Lee Perry naye, katika studio yake ya Black Ark, alikuwa na eko ya utepe ya Roland na mashine ya kuzungusha sauti iitwayo Mu-Tron Bi-Phase. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wakongomani wawili, Seke Molenga na Kalo Kawongolo, walirekodi humo sahani nzima. Wengi wetu hatukuwahi kuambiwa kwamba sauti za nchi yetu zilipita katika eko hiyo.

Njia yenyewe si ya matajiri. Kwenye miksa, peleka gita kwa pedali ya eko kupitia tundu la kutolea sauti ya pembeni. Pedali itoe marudio peke yake, bila sauti ya kwanza. Hayo marudio yarudishe katika mstari wake mwenyewe wa miksa, na kati ya pedali na mstari huo weka pedali nyingine, ya kuzungusha au ya kukwaruza. Hapo gita inasikika safi, na nyuma yake marudio yamevaa nguo nyingine. Ukitaka yabadilike zaidi kila yanaporudi, punguza kifungo cha marudio kwenye pedali, kisha ufungue polepole, katika mstari uleule wa marudio, kifungo kinachorudisha sauti kwa pedali. Sasa kila rudio linapita tena katika pedali ya pili. Ila mkono usitoke pale: ukizidisha kidogo tu, kila rudio linakuwa kubwa kuliko lililotangulia na bafle zinalia mpaka mbuzi wanakimbia. (Nimeona. Bafle moja haikupona.)

Faida kubwa ya kuweka marudio katika mstari wake ni hii: msemaji akisimama, fundi anashusha mstari mmoja tu, na eko yote imekufa. Haihitaji kutafuta vifungo vinane gizani wakati grupu inakohoa.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa wachungaji, mapadri, wakuu wa vijiji na wote wanaoshika mikro mbele ya watu waliokimbia. Tangazo lisomwe bila eko hata kidogo. Kilima chenyewe kinatosha: kikiwa mita 170 mbele ya bafle, sauti inakurudia kisha sekunde moja, na hakuna fundi anayeweza kuizima, basi geuzeni bafle zitazame watu, msomaji naye asome polepole. Siku itajwe pamoja na tarehe yake. Majina ya watoto waliopotezana na wazazi yasomwe mara mbili na kinywa cha mtu, si na mashine. Kuna waliokuja hapa ambao Kiswahili si lugha yao ya nyumbani, na kuna wazee ambao masikio yamechoka na milio ya bunduki.

Vijana wa sono watasema sauti kavu haina heshima, kwamba mkubwa akiongea bila eko anaonekana mdogo. Nimeyasikia hayo mara nyingi. Mama yule hakuhitaji mkubwa aonekane mkubwa. Alihitaji herufi mbili za mwisho.

Siku ya Mungu inayokuja nitafika mapema kabla ya korali, na kipande cha bande nyeupe mfukoni. Nitakibandika kwenye mstari wa marudio na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu: SHUSHA. Orodha ya pili ya majina bado haijatangazwa, na yule mama bado anaingoja.