Mbio za Vumbi Tulizowaachia Wengine Wazikumbuke

Haya, leo tuweke siasa pembeni. Bei ya mafuta, mgao wa umeme na nani kahamia chama gani, vyote hivyo havina haraka, vitatusubiri. Leo nataka tuongee magari. Tena siongelei haya ya vioo vyeusi yanayotupigia honi kwenye foleni ya Ubungo. Naongelea magari ya mbio, ya zamani, yaliyokimbia kwenye vumbi.

Nianzie mbali kidogo, mtanivumilia. Mwaka 1933, huko Los Angeles, Marekani, walianza mashindano ya vigari vidogo mno ambavyo kwao huitwa midget. Kigari chenyewe kina nafasi ya mtu mmoja, injini iko mbele, matairi yako wazi nje, na uzito wake haufiki nusu tani. Njia ni duara la udongo, mara nyingi lenye mzunguko wa mita 400 hivi, sawa na ule wa wanariadha wetu pale Uwanja wa Uhuru. Wanazunguka, wanazunguka, vumbi linapanda, usiku unaingia, watu wanarudi nyumbani. Mwaka 1934 mchezo huo ukavuka bahari hadi Australia. Hata kina A. J. Foyt na Mario Andretti, waliokuja kuwa majina makubwa kabisa duniani katika mbio za magari, walipitia kwenye vigari hivyo.

Mbio zenyewe haziniumizi kichwa sana. Kinachonivutia ni walichofanya baadaye. Huko Sun Prairie, mji wa jimbo la Wisconsin, wana ukumbi maalumu wa kuwaenzi watu wa vigari hivyo: madereva, mafundi, waandaaji. Kuna wastaafu wanaovifufua vigari vya miaka ya 1930 na 1940, wanavirudishia rangi yake na namba yake ya zamani, kisha wanavipeleka uwanjani ili wajukuu wavione vikinguruma. Duara la mita 400 lina ukumbi wa heshima! Hebu lifikirie hilo halafu turudi nyumbani.

Sisi tulikuwa na mbio za maelfu ya kilomita, zilizokatiza nchi tatu, kwenye barabara ambazo mvua ikinyesha hata trekta linapiga magoti. Zilianza mwaka 1953, zikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka huo magari yalianzia Nairobi, Kampala na hapa kwetu Morogoro. Mwaka 1960 jina likabadilika, zikawa East African Safari.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu asili yake. Huko Kenya, karibu na Nakuru, kulikuwa na njia ya mbio za kuzunguka iliyoitwa Langa Langa. Eric Cecil, mmoja wa waanzilishi wa Safari, alimshawishi binamu yake akashindane pale. Binamu akakataa. Akasema kuzunguka mahali palepale kunamchosha, ila kama kutakuwa na mashindano ya kupanda gari, kufunga mlango, kwenda hadi katikati ya Afrika na kurudi, huko yumo. Kwa maneno mengine, mbio zetu zilizaliwa na mtu aliyekataa kuzunguka kwenye duara. Mwenzenu kisa hiki nakipenda sana.

Na hazikuwa za mchezo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 ikawa vilevile, wakamaliza 7 tu. Na miaka yote miwili washindi walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwenye Peugeot 404.

Sasa niwaulize, bila kwenda kuchungulia kwenye simu. Nani alishinda East African Safari mwaka 1966? Na mwaka 1967?

Kimya. Nimewauliza washikaji kadhaa hapa kazini, wote wasomi, wote wanaoweza kukutajia kikosi cha Simba au Yanga cha msimu wowote unaoutaka. Hakuna aliyejua. Jibu ni Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi hapahapa Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell, nao wakiwa na Peugeot 404. Dereva wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo mashindano yaliyokuwa yanaogopwa kuliko yote duniani, na vijana wa Dar es Salaam hawana habari. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam, na mwaka huohuo Hannu Mikkola wa Finland akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. Hilo nalo hatuna habari.

Baadaye mambo yakaharibika. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki za Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa. Wakenya wakaendelea na Safari yao, ikabaki sehemu ya ubingwa wa dunia, ikaondolewa baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021. Sisi upande wetu tulifunga mpaka, na kumbukumbu tukaiacha ng'ambo ya pili.

Kumbukumbu lakini haikai bila mwenyewe. Ukiiacha, mwingine anaichukua. Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa East African Safari Classic. Ni magari ya aina zilizokimbia enzi zile, na mara kadhaa yameingia Tanzania. Wanaoshiriki wengi wanatoka Ulaya, watu wenye uwezo, na gari utakaloliona kwa wingi ni Porsche 911. Sasa sikilizeni. Katika Safari yenyewe, ile ya zamani, Porsche haikushinda hata mara moja. Mwaka 1974 Joginder Singh, fundi na dereva wa Kenya, alishinda kwa kigari cha Mitsubishi Lancer, na nyuma yake, nafasi ya pili, alikuwa Björn Waldegård wa Sweden kwenye Porsche 911. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na mwanaye pembeni, akashinda Safari Classic. Akiwa na gari gani? Porsche 911.

Simlaumu. Alikuwa dereva hodari, Safari yenyewe aliishinda mara nne kwa magari mengine. Ninachosema ni kwamba gari lililoshindwa kwenye mbio limekuja kushinda kwenye kumbukumbu ya mbio, kwa sababu wenye gari hilo ndio waliojali kukumbuka.

Najua kuna mtu ameshaanza kununa. Atasema: ndugu, hayo yalikuwa mambo ya walowezi na matajiri, yalianza kwa ajili ya Malkia, babu zetu walikuwa wanasimama pembeni kula vumbi. Sisi tuna shule zisizo na madawati, wewe unatuletea habari za Peugeot.

Hoja hiyo naikubali nusu. Ni kweli orodha ya washindi wa enzi zile ina Wazungu, ina Joginder Singh, ina Shekhar Mehta mzaliwa wa Uganda aliyeshinda mara tano, lakini Mwafrika mweusi hayumo. Hilo linauma, na halitapungua uchungu kwa kulisahau. Tena tukisahau yote, tunawasahau na wa kwetu. Mwaka 1993 Patrick Njiru wa Kenya aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya 660 cc, ndogo kuliko za magari karibu yote unayoyaona mjini. Colin McRae, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia, naye alipewa kigari kama hicho, kikamharibikia njiani. Njiru alimaliza, akawa wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Wamarekani wangeshamwekea sanamu.

Na waliosimama pembeni hawakuwa wanakula vumbi tu. Magari yalipozama kwenye tope ni wanavijiji walioyasukuma na kuyabeba. Wale ndio walijua ni kona gani inateleza na mto gani umejaa. Katika kumbukumbu zilizoandikwa wamo kama mandhari, pamoja na twiga na Mlima Kilimanjaro. Majina yao hakuna aliyeyauliza.

Hapa ndipo ninapofika kwetu, Songwe. Miaka ileile Shankland anashinda, 1966 na 1967, barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma ilikuwa na mbio zake zisizo na kombe. Ian Smith alikuwa amejitangazia uhuru wake Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani. Mafuta ya Zambia ikabidi yapite Tanzania, na shaba yake itoke kwa njia hiyohiyo. Bomba la TAZAMA halikuanza kazi hadi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970. Lami ilikuwa bado. Kwa hiyo ni malori, kwenye udongo, usiku na mchana, mapipa ya mafuta kwenda, shaba kurudi. Wageni waliibatiza barabara hiyo jina la safari ya jehanamu. Malori yalipinduka, yalishika moto, madereva na matingo wao walikufa.

Niambieni tofauti ya dereva yule na Nowicki ni nini. Barabara ni za aina moja, tope ni lilelile. Tofauti ni kwamba Nowicki alikuwa na mtu wa kushika saa na mtu wa kuandika muda. Wa lori aliokoa nchi jirani isikwame, akafika Tunduma akanywa chai, akageuza.

Wapo bado wazee wa aina hiyo. Aliyekuwa utingo wa miaka 20 mwaka 1966 sasa hivi amevuka 75. Kila mwaka wanapungua. Na sisi wa magazeti tukienda Tunduma tunaandika habari moja tu, foleni ya malori mpakani. Foleni ni habari, sikatai. Lakini foleni itakuwepo na mwakani. Mzee hana uhakika huo.

Na mchezo wenyewe haukufa, ulihamia kwa watoto. Kule Chitete, wilayani Momba, nilikokulia, tulikuwa na mbio zetu za vigari. Gari la waya, matairi ya ndala zilizokatika, usukani wa waya mrefu unaofika kifuani, na barabara ya vumbi kama njia. Mwendo ni miguu yako, muungurumo ni mdomo wako. Kila mtu alijenga gari lake kwa kuangalia malori yaliyopita, na fundi mzuri aliheshimiwa kuliko mkimbiaji mzuri, maana gari lake halikukatika ekseli kwenye kona. Hatukuwa tumesikia habari za Los Angeles wala Langa Langa. Ila kwa kigari kidogo, njia ya udongo na ufundi wa mikono, tulikuwa na kila kitu walichonacho wale wa Sun Prairie, kasoro ukumbi.

Sasa nini kifanyike? Sina bajeti ya serikali mkononi, nasema yanayowezekana. Kwanza, waandishi wenzangu mlioko Mbeya, Songwe, Iringa na Morogoro: kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyeendesha, aliyetengeneza au aliyesukuma, amrekodi. Simu unayo mfukoni, huhitaji kibali. Pili, redio zetu za mikoani zinazocheza muziki kutwa nzima zitoe nusu saa kwa wiki. Tatu, makumbusho yetu yatafute lori moja la enzi zile kabla halijaishia kwa wauza chuma chakavu. Nne, na hili mtacheka, halmashauri kama ya Momba ianzishe mbio za magari ya waya kwa shule za msingi siku ya Nane Nane. Zawadi iwe madaftari. Gharama yake ni ndogo kuliko posho ya kikao kimoja, na anayejenga gari la waya leo kesho anaweza kuwa fundi mitambo.

Ukumbi wa marumaru kama wa Sun Prairie unaweza kusubiri. Ninachoomba ni majina. Tuwe na orodha, hata ya kurasa kumi, ya waliokula vumbi la nchi hii kwenye usukani na pembeni ya barabara. Bila hiyo, mtoto wa Chitete atakapotaka kujua nani alipita kwenye barabara yake, itabidi akamuulize mwenye Porsche.

Kazi kwetu.