Hajamaliza raundi ya nane, mnamtafutia tiketi ya Riyadh

Kila anapoonekana kijana mrefu, kifua kipana, kilo mia na ushei, kati ya Sirari na Mugumu, mkoani Mara, maneno ni yaleyale: huyu aende jeshini au awe bondia. Akikosa jeshi anavishwa glovu. Akishavishwa, kabla hajajifunza hata kurudisha mkono wa kushoto usoni baada ya kuurusha, tayari kuna mtu amesimama pembeni anapiga hesabu ya dola za Uarabuni. Mtu huyo tunamwita promota. Mimi namwita dalali, na nasema bila kupepesa: yeye ndiye anayemaliza vijana wetu wa uzito wa juu kabla hata wapinzani hawajawagusa.

Njia yake inajulikana. Mwaka wa kwanza anamletea kijana watu wa kuanguka: mbeba mizigo wa stendi, fundi wa kuchomelea aliyeahidiwa hela ya mbolea, bondia wa uzito wa chini aliyejazwa maji asubuhi ya kupima uzito. Raundi ya kwanza, KO. Pambano linalofuata, KO tena. Bango linaandikwa "hajawahi kupigwa", na vijiwe vya Tarime vinavimba kichwa. Kisha simu inaingia kutoka nje: anatakiwa mtu wiki mbili zijazo, nauli ipo. Kijana anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, anakutana na jitu lililoanza ngumi likiwa na miaka minane, na anarudi na taya limefungwa waya. Wakati huo dalali yuko Nyamongo anatafuta mwingine.

Watu hupenda kubishana kama kijana apandishwe haraka au polepole. Mimi naona hata swali lenyewe limekosewa. Kijana wetu kwanza hapandishwi kabisa, halafu anarushwa. Kati ya fundi wa kuchomelea na mbabe wa kimataifa hapawekwi mtu.

Mkulima wa Serengeti hana ujinga huo. Dume changa la kufundishwa plau halifungwi nira na changa mwenzake. Linafungwa na maksai mzee, yule anayejua pa kugeukia bila kuchapwa, na msimu mzima linavutwa na kusimamishwa na mzee huyo mpaka likome kurukaruka.

Bondia wa uzito wa juu naye anahitaji maksai wake. Namzungumzia mzoefu wa miaka 35 hivi, aliyeshindwa mara nyingi kwa pointi na mara chache sana kwa KO. Hana ngumi ya kutisha. Anachofanya ni kukukumbatia kila unapomkaribia, anaweka kipaji cha uso chini ya kidevu chako, anakulaza kilo 110 shingoni na kukuegemea mpaka mwamuzi aje kuwaachanisha. Ukitoka hapo mabega yanawaka. Raundi ya nne mikono inashuka yenyewe, mdomo unafunguka, na ile ngumi iliyokuwa ikiwalaza mafundi wa kuchomelea inatua kwenye kiwiko chake kama kofi la mtoto. Hapo ndipo kijana anapoanza kujifunza kazi, na mwalimu wake ni mtu ambaye hata jirani hulijua jina lake kwa shida.

Wenye haraka watanitajia Mike Tyson, bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, Novemba 1986. Sawa, tumtaje. Mwaka 1985 peke yake Tyson alipanda ulingoni mara 15, tena akiwa ameshalelewa na kocha Cus D'Amato tangu umri wa balehe. Na kabla ya kupewa Trevor Berbick, bingwa aliyemvua mkanda, Mei 1986 alipewa James Tillis, kisha siku chache baadaye Mitch Green. Wote wawili walimfikisha raundi ya kumi wakiwa wamesimama. Yule mwenye haraka kuliko wote hakuruka darasa hilo. Wetu analiruka kwa sababu halina viingilio!

Mtazameni pia Martin Bakole, Mkongomani wa Kananga anayeishi Uskoti. Mwaka 2018, akiwa hajapoteza pambano, alikutana na Michael Hunter jijini London, mwepesi kuliko yeye lakini mjuzi, na akasimamishwa raundi ya kumi. Hakukimbilia mkanda kufuta aibu. Alirudi kwa watu wagumu: Sergey Kuzmin mwaka 2020, Tony Yoka ndani ya Paris kwao mwaka 2022, Carlos Takam mwaka uliofuata. Tarehe 3 Agosti 2024, Los Angeles, akawekewa Jared Anderson, Mmarekani wa miaka 24, mapambano 17 na yote ameshinda, aliyeimbwa kuwa bingwa ajaye. Raundi ya kwanza tu ngumi ya kutoka chini ilimwangusha Anderson. Ya tano ikamaliza habari. Na dalili zilikuwepo: mwaka mmoja nyuma Charles Martin, bingwa wa zamani, alimyumbisha Anderson nyumbani kwake Toledo, ila wasimamizi wake wakahesabu pointi na kusahau kuangalia miguu.

Bakole huyohuyo, Februari 2025, alipigiwa simu ya dharura kuziba nafasi Riyadh, siku mbili kabla ya pambano. Alipima zaidi ya kilo 140, na Joseph Parker akamsimamisha raundi ya pili. Mzoefu kamili, na simu ya dharura imemfanya hivyo. Wewe unampokelea simu hiyo kijana mwenye mapambano tisa?

Sisi Watanzania tulilewa usiku mmoja, 8 Septemba 2018. Hassan Mwakinyo wa Tanga, ambaye si wa uzito wa juu, aliitwa Birmingham ili Sam Eggington ajipatie ushindi, akamsimamisha raundi ya pili. Furaha ile ilikuwa halali na sitaki kuichafua. Lakini mapromota walitoka nayo na somo bovu, kwamba kijana akiitwa nje apelekwe tu, mengine Mungu anajua. Miaka minne baadaye, Liverpool, Liam Smith aliyewahi kuwa bingwa wa dunia alimmaliza Mwakinyo raundi ya nne, nasi tukabaki tunabishana kuhusu viatu alivyovaa Mwakinyo.

Najua nitajibiwa kwamba kupigwa si kufa, mbona Daniel Dubois alivunjwa mfupa wa jicho na Joe Joyce mwaka 2020, akarudi, na Septemba 2024 akamlaza Anthony Joshua pale Wembley? Ni kweli. Dubois alirudi kwa sababu Uingereza kuna daktari wa kumzuia, kamisheni ya kumfungia mpaka mfupa uunge, na promota mwenye fedha ya kumsubiri. Wetu anarudishwa na basi la usiku. Desemba 2024 bondia Hassan Mgaya alifariki baada ya kupigwa KO Dar es Salaam. Dar, penye hospitali ya Muhimbili! Kijana akianguka hivyo Mugumu, mnaanza kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, usiku. Na uzito wa juu, kwa wasiojua, unaanzia kilo 90.7 na juu hauna kikomo: kijana wa kilo 95 anaweza kukabidhiwa mtu wa 130 na karatasi zote zikawa halali.

Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, inatoa vibali. Basi inyime kibali. Bondia wa uzito wa juu ambaye hajamaliza raundi nane walau mara mbili asisaini pambano la nje, hata promota alie machozi ya damu. Halmashauri ya Wilaya ya Tarime nayo inapokea fedha za uwajibikaji kwa jamii kutoka mgodi wa North Mara. Zinajenga madarasa na zahanati, vizuri sana, lakini ukumbi mmoja wenye ulingo, mizani ya kweli na kocha anayelipwa mshahara hautaumiza bajeti ya dhahabu.

Na msiniambie wapinzani wa kati hawapo. Uzito huu una watu wachache Tanzania, nakubali. Lakini Sirari ni mpakani, ng'ambo ni Isebania, na Kisumu unafika kwa basi mchana. Kenya imefundisha ngumi tangu zamani, na Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki Afrika Mashariki mwaka 1988. Uganda nako kuna wazee wa ulingo wanaopigana kwa malipo madogo kuliko tiketi moja ya ndege kwenda Riyadh. Mchukueni mmoja wao, raundi nane, mwamuzi asiye wa mkoa wetu. Kijana akishindwa kwa pointi, apumzike miezi mitatu, kisha mpangieni mzee huyohuyo tena.